Mshipi wa mbio kwa fimbo ya mikono miwili: kuchagua, kufunga na kutunza kwenye maji ya Nile

Mishipi mingi inayouzwa kwa fimbo za uvuvi za mikono miwili ilibuniwa kwa ajili ya mito ya baridi. Majina yenyewe yanaonyesha asili yake: Spey ni mto wa Skoti, Skagit ni mto wa jimbo la Washington huko Marekani. Mvuvi wa kule husimama ndani ya maji ya nyuzijoto 5 hadi 12, na mshipi wake hutengenezwa uwe laini ili usigeuke waya kwenye baridi hiyo. Huku kwetu maji yanayotoka Ziwa Viktoria kupitia Jinja hukaa kwenye nyuzijoto 25 hivi karibu mwaka mzima, na ukishuka hadi maporomoko ya Murchison, jua la saa saba hupasha mwamba hadi usiweze kuuwekea kiganja. Mshipi laini wa baridi ukifika hapo hulegea kama tambi iliyopitiliza jikoni. Hunata kwenye pete za fimbo, hujiviringisha kwenye kitako cha fimbo, na mrusho uliopaswa kufika mita 25 huanguka mita 15. Mvuvi hulaumu mikono yake, wakati mkosaji ni mshipi.

Mwongozo huu unahusu kipande kimoja tu cha mshipi: kile chembamba kinachokaa kati ya uzi wa akiba na kichwa kizito. Hapa tutakiita mshipi wa mbio, kwa kuwa kazi yake ni kukimbia kwenye pete wakati kichwa kinaruka. Ukianzia ndani ya rili kwenda nje, mpangilio ni huu: uzi wa akiba wa mita 150 hadi 200, mshipi wa mbio wa mita 30 hivi, kichwa chenye uzito wote wa mrusho, ncha ya kuzama ikihitajika, uzi wa mwisho, kisha chambo cha manyoya. Kichwa cha mtindo wa Skagit ni kifupi, mita 5.5 hadi 7.5. Cha mtindo wa Skandinavia ni kirefu na chembamba zaidi, mita 9 hadi 12.

Fimbo ya mikono miwili ina faida kubwa huku kwa sababu haihitaji nafasi ya kurusha mshipi nyuma. Nyuma yako kuna mafunjo, miti au ukingo wa udongo. Mbele kuna maji ambayo hupaswi kuingia kwa sababu ya mamba na viboko. Unasimama pakavu, unazungusha kichwa mbele yako juu ya maji, unakiachia. Lakini mtindo huo unakutaka uachie mita 10 hadi 15 za mshipi wa mbio kwa kila mrusho, siku nzima. Ndiyo maana ubora wa kipande hiki huonekana haraka kuliko ubora wa fimbo yenyewe.

Anza na mizani

Kabla hujagusa mshipi wa mbio, jua uzito wa kichwa chako. Viwanda huandika uzito kwa greni, na maandishi hayo hufutika au boksi hupotea. Peleka kichwa kwa sonara mwenye mizani ndogo, pima kwa gramu, zidisha kwa 15.43. Kichwa cha gramu 32.4 ni greni 500. Cha gramu 38.9 ni greni 600. Ukitumia ncha ya kuzama, ipime peke yake, kwa sababu vichwa vya Skagit huandikwa uzito bila ncha.

Kisha pima unene wa mshipi wa mbio ulio nao. Huhitaji kifaa cha maabara. Zungushia mshipi kwenye penseli mara 10, mizunguko ikigusana bila kupandana, pima upana wa mizunguko yote kwa rula, gawanya kwa 10. Ukipata milimita 8, mshipi wako una unene wa milimita 0.8. Mishipi mingi huandikwa unene wake kwa inchi: .024 ni milimita 0.61, .030 ni 0.76, .035 ni 0.89, na .040 ni milimita 1 na kidogo.

Kwa mishipi yenye ganda la plastiki, unene huenda na uzito hivi: kichwa cha chini ya greni 450 kinavutwa vizuri na mshipi wa milimita 0.6 hadi 0.66. Cha greni 450 hadi 600 kinataka 0.76 hadi 0.81. Juu ya greni 600, tumia 0.89 hadi 0.94. Hii si sheria ya serikali, ila kuna sababu yake. Mshipi mwembamba mno nyuma ya kichwa kizito hukunjika mahali pa kiungo kama bawaba ya mlango: nguvu ya fimbo inafika pale, inapotea, na kichwa kinaondoka kikiyumba. Mshipi mnene mno nyuma ya kichwa chepesi ni kama ng'ombe mdogo aliyefungwa mkokoteni wa mawe; kichwa kinaruka vizuri mita chache za kwanza, halafu uzito na msuguano vinakirudisha chini.

Mnyororo wa nguvu

Sehemu hii wengi huiruka, na gharama yake huja siku ambayo samaki mkubwa amekula. Weka kanuni moja: kikikatika kitu, kikatike karibu na samaki. Uzi wa mwisho ndio uwe dhaifu kuliko vyote, na mshipi wa mbio uuzidi kwa theluthi moja au zaidi.

Kwa kisinja, samaki wa jamii ya barbeli, kwenye maporomoko madogo ya Nile chini ya Jinja, uzi wa mwisho wenye nguvu ya ratili 15 hadi 20 kabla ya kukatika unatosha, kwa hiyo mshipi wa mbio wa ratili 30 unafaa. Sangara, ambaye wengi Uganda humwita mputa, ni habari nyingine. Sangara wa chini ya maporomoko ya Murchison anaweza kuzidi kilo 50, na mifuniko ya mashavu yake ina kingo zinazokata. Wavuvi humfungia kipande kifupi cha nailoni nene ya ratili 80 hadi 100 karibu na ndoana ili asisage uzi. Kosa ni kuunganisha kipande hicho moja kwa moja na kichwa. Ukifanya hivyo, sehemu dhaifu ya mfumo wako inakuwa ni mshipi wa mbio, na ukikatika unapoteza kichwa cha bei kubwa, ncha, chambo, na samaki anaondoka akiburura mita kadhaa za plastiki. Kati ya kichwa na nailoni nene weka uzi wa ratili 25 hadi 30, kisha tumia mshipi wa mbio wa ratili 45 au 50. Kumbuka pia kwamba nailoni ikilowa hupungua nguvu kidogo na fundo huipunguza zaidi, kwa hiyo namba ya kwenye boksi usiichukue yote.

Aina nne, na ipi ya nini

Ya kwanza ni mshipi wenye ganda: kiini cha nyuzi ndani, plastiki nje. Ndio rahisi kushika, hauumizi vidole, unaelea, na kwa kawaida huja na vitanzi vilivyounganishwa kiwandani kwenye ncha. Airflo hutengeneza wenye mifereji midogo kwa urefu ili sehemu inayogusa pete iwe ndogo. Tatizo la mishipi hii huku ni joto tulilolitaja. Unaponunua, tafuta iliyotengenezwa kwa maji ya joto au ya bahari za tropiki. Ganda lake ni gumu zaidi na kiini chake mara nyingi ni cha nailoni ngumu iliyosukwa. Ikiwa muuzaji hajui, fanya jaribio hili: acha mshipi juani dakika 20, kisha shika kipande cha sentimita 30 wima kwa vidole viwili, ncha ikielekea juu. Ukisimama na kupinda polepole, unafaa. Ukianguka mara moja kama kamba ya viatu, uache hapohapo dukani. Halafu uminye kati ya kidole gumba na cha shahada uone kama unanata.

Ya pili ni nailoni tupu, ya mviringo au bapa. Amnesia ya Sunset ni ya zamani na wengi bado huipenda. Nailoni za umbo la yai, kama SlickShooter ya Rio, zilifuata ili kupunguza msokoto. Hakuna kitu kinachokimbia kwenye pete kama nailoni. Ni nyembamba, haina kitu cha kunata, na bei yake ni ndogo kulinganisha na mshipi wenye ganda. Joto, ambalo ni adui wa mshipi wenye ganda, huisaidia nailoni: hulainika na kusahau mizunguko ya rili haraka. Kwenye baridi ya Ulaya watu huilalamikia kwamba inajikunja kama chemchemi ya kalamu. Jinja saa tano asubuhi lalamiko hilo hulisikii. Ubaya wake ni utelezi mkononi, kukata vidole samaki akivuta, na kuzama polepole ikikaa kwenye maji yaliyotulia.

Ya tatu ni nailoni iliyosukwa, yenye uwazi ndani kama mrija. Inaelea, haijikunji, na unaweza kuingiza uzi ndani yake na kuunganisha bila fundo. Kwa Nile hatuipendekezi. Baada ya mvua mto hubeba udongo na mchanga laini, na msuko huo huushika wote. Ndani ya siku chache mshipi unageuka msasa: unakula pete za fimbo na unakula vidole. Kelele yake nayo si ya kusahaulika.

Ya nne ni mshipi wa kipande kimoja, ambapo kichwa na mshipi wa mbio vimetengenezwa pamoja bila kiungo. Hubadilishi kichwa, lakini hakuna kitu cha kugonga pete.

Sasa uchaguzi wenyewe. Swali la kwanza lisiwe umbali, liwe namna unavyokirudisha chambo. Kama unarusha kukata mkondo na kuacha maji yakipeperushe chambo hadi ukingoni, ndivyo wengi wanavyomtafuta kisinja kwenye maji ya kasi, kichwa kinabaki nje ya pete muda wote na kiungo hakikusumbui. Hapo nailoni ya umbo la yai ya ratili 35 hadi 45 inashinda kila kitu. Lakini sangara huvuliwa kwa kuvuta chambo kwa mkono, vuta na pumzika, hadi karibu na mashua. Kiungo kinaingia na kutoka kwenye pete mara mia kwa siku, na mkono wako unashika mshipi wa mbio kila sekunde. Hapo chukua mshipi wenye ganda gumu wa milimita 0.89 au zaidi, au wa kipande kimoja. Anayevua sangara kwa nailoni ya milimita 0.5 kwa sababu inaruka mbali atajuta mara ya kwanza samaki akigeuka na mshipi ukipita kwenye kiganja.

Kama bajeti imebana, nailoni ya kawaida ya duka la vifaa vya uvuvi inafanya kazi. Chagua ya ratili 40 hadi 50, yenye unene wa milimita 0.6 hadi 0.7, rangi inayoonekana. Epuka iliyokaa dirishani juani. Ifunge fundo moja, ivute ghafla, na ikikatika kwa urahisi iache.

Nafasi ndani ya rili

Mita 30 za mshipi wa mbio zinatosha. Kichwa cha mita 7, ncha ya mita 3 na uzi wa mwisho tayari ni zaidi ya mita 11, kwa hiyo mrusho wa mita 25 unahitaji mita 14 hivi tu za mshipi wa mbio. Zinazobaki ni za samaki.

Kinachosumbua ni ujazo. Mita 30 za mshipi wa milimita 0.94 huchukua nafasi sawa na mita 73 hivi za nailoni ya milimita 0.6, kwa kuwa nafasi hupanda kwa mraba wa unene. Rili iliyojaa vizuri kwa nailoni inaweza isifunge mshipi wenye ganda bila kupunguza uzi wa akiba. Ukivua Murchison, usipunguze chini ya mita 150. Maji pale yametoka kubanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi, na samaki akipata mkondo hana sababu ya kurudi. Badili uzi wa akiba uwe mwembamba zaidi kwa nguvu ileile badala ya kuufupisha.

Kufunga

Upande wa uzi wa akiba, mshipi wenye ganda na kitanzi cha kiwandani ni rahisi. Tengeneza kitanzi cha mara mbili kwenye uzi wa akiba, kirefu cha sentimita 25 au zaidi, kiasi cha rili nzima kupita. Pitisha kitanzi kwenye kitanzi cha mshipi, pitisha rili ndani yake, vuta taratibu. Viungo viwili vikae kama mikono inayosalimiana. Kimoja kikimkaba mwenzake shingoni, fungua urudie, maana kitakata ganda.

Kwa nailoni isiyo na kitanzi, kunja ncha yake sentimita 8, pitisha uzi wa akiba ndani ya mkunjo, uzungushe mara 10 hadi 12 kurudi kwenye mkunjo ukiifunika nailoni, kisha uutoe upande uleule ulioingilia. Lowesha kwa mate, kaza hatua kwa hatua. Kata mkia wa nailoni kwa pembe ili usikwame kwenye pete.

Upande wa kichwa kuna njia mbili. Ukibadilisha vichwa mara kwa mara, mshipi wa mbio uwe na kitanzi kirefu cha sentimita 15 hadi 20, ili kichwa kilichokunjwa kipite ndani yake bila kufungua kitu kingine. Kwenye nailoni, funga fundo la kitanzi lisiloteleza: fanya fundo moja lililo wazi, rudisha ncha ndani yake, zungusha mara 4 hadi 5 kwenye uzi mkuu, rudisha ncha tena kwenye fundo lile kwa upande iliotokea, lowesha, kaza. Ukitumia kichwa kimoja siku nzima, funga nailoni moja kwa moja kwenye kitanzi cha kichwa kwa fundo la kawaida la ndoana la mizunguko 5. Ni dogo, linapita kwenye pete bila kelele, na kila ukibadilisha kichwa unapoteza sentimita chache tu.

Usitie gundi inayokauka ikawa ngumu kama kioo. Hupasuka na kingo zake hukata nailoni. Ikiwa lazima, tumia inayobaki laini kama mpira.

Kabla ya mrusho wa kwanza

Nailoni lazima inyooshwe kila asubuhi. Funga kichwa kwenye mti au mpe mwenzako, rudi nyuma mita 10, vuta polepole na kwa nguvu ya kupinda mkono, kaa hivyo sekunde 20, achia taratibu. Rudia kwa mita 10 zinazofuata, kisha za mwisho. Usivute kwa kushtua. Mshipi wenye ganda unahitaji hivyo pia, ila kwa nguvu ndogo.

Weka alama ya mahali pa kushika. Kati ya pete ya mwisho ya fimbo na mwanzo wa kichwa panatakiwa kuwe na kipande kifupi cha mshipi wa mbio kinachoning'inia. Kwa kichwa cha Skagit na nailoni, kipande hicho kiwe sentimita 30 hadi 60. Kwa mshipi mnene wenye ganda kinaweza kufika 90. Kikizidi, bawaba niliyoitaja inafunguka. Kikikosekana, kiungo kimeingia ndani ya pete wakati fimbo inapinda, na hapo ndipo pete huvunjika. Alama nzuri ni mizunguko michache ya uzi wa kushonea, yenye gundi laini juu, mahali kidole chako kinapogusa mpini umbali huo ukiwa sahihi. Alama ya kalamu haimalizi wiki.

Mkono wa juu ubane mshipi kwenye mpini kwa vidole viwili, cha kati na cha pete, hasa kwa nailoni. Kidole kimoja huteleza katikati ya nguvu na mrusho unakufa. Usiuzungushe mshipi kidoleni ili usiteleze. Samaki wa kilo 30 akila wakati huo, kidole ndicho kitakachoamua nani mshindi.

Mizunguko mkononi

Umevua, chambo kimefika ukingoni, sasa una mita 12 hivi za mshipi wa mbio za kukusanya. Ukiziacha zote zielee, mkondo unazibeba, na unaporusha kichwa kinalazimika kuzing'oa majini. Nailoni ni mbaya zaidi kwa kuwa inazama. Zikusanye kwa mizunguko inayopungua: vuta mara 7, kila mvuto sentimita 70, shika mzunguko wa kwanza chini ya kidole kidogo. Vuta mara 5, shika chini ya cha pete. Vuta mara 3, chini ya cha kati. Mivuto 2 ya mwisho iache huru. Mzunguko mdogo unatoka kwanza, mkubwa mwisho, na hakuna unaopita ndani ya mwenzake. Ukifanya mizunguko sawasawa yote, itashikana. Hilo ndilo chanzo cha mafundo mengi yanayosingiziwa upepo.

Kwenye mashua usijitese. Weka beseni la plastiki la kufulia kati ya miguu, tia maji ya kina cha sentimita 2, dondosha mshipi humo. Maji huituliza nailoni isiruke nje, na mshipi haukanyagwi wala hauingii kwenye kamba za nanga. Ukivua ukingoni palipo na mafunjo, beseni hilohilo lifungwe kiunoni kwa mkanda.

Kinachoharibika na sababu yake

Mshipi unajisokota hadi unajikunja wenyewe ukilegea. Sababu ni kurusha kwa mzunguko wa upande mmoja siku nzima. Kila mrusho unaongeza msokoto. Badilisha upande mara kwa mara. Kuuondoa, toa chambo na kichwa, acha mita 30 zote za mshipi wa mbio nyuma ya mashua inayokwenda taratibu kwa dakika 5, zijisokotoe.

Kichwa kinaondoka vizuri kisha kinasimama ghafla hewani. Angalia mzunguko uliojinasa kwenye kishikio cha rili au kitako cha fimbo. Kama hakuna, gusa pete ya kwanza; huenda ganda linanata. Futa mshipi kwa kitambaa chenye maji, tia mafuta ya silikoni ya mishipi. Ikijirudia kila mchana na asubuhi haitokei, basi ni joto, na dawa ni kubadili mshipi.

Mkono unahisi mkwaruzo unapovuta. Kama ni nailoni, mita ya mwisho karibu na kiungo imeparuzwa na pete au mwamba. Kata mita 1 hadi 2, funga upya. Fanya hivyo kila baada ya safari chache hata kama huoni kitu.

Majani yanajikusanya kwenye kiungo. Hayo ni gugumaji na vipande vya mafunjo, hasa maji yakipanda. Nile ya Jinja kwenda chini hupanda na kushuka kwa kufuata mabwawa, Nalubaale na Kiira, kisha Bujagali, kisha Isimba, na kila yakipanda huokota takataka za ukingoni. Kiungo kidogo hunasa kidogo. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda fundo la moja kwa moja. Kupanda huko pia kunahamisha ukingo, kwa hiyo mizunguko uliyoiacha chini kwenye mwamba mkavu inaweza kuwa majini ukigeuka.

Ganda limepasuka vipande vidogo au linabonyea kama ubani. Uliza umejipaka nini. Dawa za kufukuza mbu na mbung'o zenye DEET huyeyusha plastiki, na huko Murchison kila mtu amejipaka. Paka kwa mgongo wa mkono, osha viganja kwa sabuni kabla ya kugusa mshipi. Krimu za jua na petroli ya injini ya mashua pia huharibu ganda. Nailoni huvumilia hayo vizuri kuliko ganda.

Kutunza

Jioni osha mshipi kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuogea, suuza, upitishe kwenye kitambaa kikavu ukiurudisha kwenye rili bila kukaza sana. Usiache rili ndani ya gari lililofungwa juani. Mshipi wenye ganda na vitanzi pande zote unaweza kugeuzwa, upande wa ndani uwe wa nje, na hapo unapata msimu mwingine. Nailoni ibadilishwe yote kila msimu.

Ukienda kuvua ndani ya Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison, lipia kibali cha uvuvi kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kabla ya safari, na simama mbali na ukingo kiasi anachokuonyesha askari wa hifadhi, hata kama mshipi wako utahitaji mita 3 zaidi. Ziongeze kwenye hesabu yako ya mizunguko.

Nailoni iliyokatwa usiitupe majini wala kwenye mwamba, kwa kuwa ndege wa mtoni hujinasa miguu. Ikate vipande vya sentimita 5, tia kwenye chupa tupu ya soda, funga kifuniko, rudi nayo mjini.